Uzi Mwekundu wa Dirishani

Hakuna anayeujua uyoga wa porini kunishinda mimi. Ule ninaochuma bila miwani, huo anaujua Mungu peke yake.

Juzi nilirudi na kapu zima. Uyoga mzuri niliukata vipande, nikautunga kwenye uzi mweupe na kuuning'iniza juu ya jiko ukauke. Vichwa vitano vilinitia shaka, maana vilikuwa na ukosi shingoni kama karani. Hivyo nikavitunga kwenye uzi mwekundu, nikavitundika dirishani mpaka dada yangu aje avitazame, yeye ambaye macho yake bado yanafanya kazi.

Leo asubuhi dirisha lilikuwa tupu. Sumu ya uyoga haikauki kwa jua, tena haina haraka. Inaweza kukuacha ukacheka siku nzima kwanza.

"Mzee, umeuona uyoga wa dirishani?"

"Sijauona," alijibu mume wangu nyuma ya gazeti.

"Kweli?"

"Ah, bibi wewe! Mimi na uyoga wapi na wapi?"

"Afadhali. Maana aliyeula anatakiwa hospitali sasa hivi, si kesho."

Gazeti likapanda hadi kwenye paji la uso. Nikalishusha. Miwani yake, iliyovunjika mkono tangu mwezi jana, ilikuwa imefungwa vizuri kabisa kwa uzi mwekundu.

Akaivua haraka.

"Lakini niliukaanga na kitunguu, mke wangu. Kitunguu si kinaua sumu?"