Makombe ya Ebenyo

Mutua alikuwa ameyapanga makombe kwa rangi. Meupe upande wa mlango, ya kahawia katikati ya turubai, yenye madoadoa karibu na ndoo ya maji. Akasimama, akalizunguka turubai mara mbili, akachuchumaa, akahamisha moja, akalirudisha. Jua la Lodwar lilikuwa halijapita paa la mabati la jirani, lakini shati lake lilikwisha kushikana na mgongo.

"Baba Mwende, chai imepoa mara ya pili," mkewe Nekesa alisema kutoka jikoni. "Keti basi."

"Naketi."

Hakuketi. Tangu aache udereva wa malori, miaka minne sasa, kuketi kumekuwa kazi ngumu kuliko zote alizowahi kufanya. Asubuhi angetembea hadi barabara kuu, ayatazame malori yakielekea Lokichoggio, arudi nyumbani, na kabla jasho halijakauka awe ameishika tena kofia. Mtaani walimjua kwa mambo mawili: kutotulia kwake, na gunia lake la makombe ya baharini.

Gunia hilo ndilo lililomletea balaa. Mwalimu Chepkirui, mkuu wa shule ya msingi iliyokuwa nyuma ya kanisa, alikuwa amewaalika walimu wa shule sita waje Jumamosi wajifunze kuyatambua makombe kwa koo zake, ili kila shule ianze mkusanyiko wake. Wanafunzi wao hawakuwahi kuiona bahari. Walimu wengi pia. "Na wa kutufundisha ni wewe, Mzee Mutua," alikuwa amemwambia. Mutua aliitikia upesi mno.

Sasa ilikuwa Jumatano, na mwalimu mwenyewe alikuwa akibisha langoni, amepita kuona maandalizi yamefika wapi. Alivua viatu, akapiga magoti kando ya turubai kama mtu aliye mbele ya kitu cha thamani. Akaokota makombe mawili yenye madoa meusi.

"Haya mawili ni ya ukoo mmoja?"

"Mmoja," Mutua alisema. "Angalia madoa."

Chepkirui akayapindua. "Lakini hili lina meno mdomoni, kote kuwili. Hili jingine halina hata moja."

"Hilo bado changa. Meno huota baadaye."

Aliusikia uongo wake ukitoka, mwepesi kama pumzi. Mwalimu hakubishana. Aliyarudisha makombe chini taratibu, lakini hakuyaweka pamoja. Aliacha nafasi ya kiganja kati ya mawili hayo. Alipoondoka, Mutua aliitazama nafasi ile mpaka Nekesa akaja kusimama nyuma yake.

"Aliyeyaokota yuko Kakuma," Nekesa alisema. "Si umwulize yeye?"

Jina hakulitaja. Lilikuwa halijatajwa humo ndani kwa miaka kumi na moja.

Kesho yake asubuhi Mutua alipanda basi la Kakuma, gunia likiwa limebanwa kati ya magoti yake.

Ebenyo alikuwa utingo wake kwa miaka tisa. Walikuwa wakipakia unga na maharagwe Mombasa, wakashushe Kakuma, na pale bandarini foleni ya kupakia ingeweza kula siku tatu. Dereva alilazimika kubaki na lori. Utingo alikuwa huru. Maji yalipokupwa Ebenyo alishuka ufukweni, yeye mtu wa Kakuma aliyekulia penye mito ya mchanga mtupu, akaokota makombe yaliyokwisha kuachwa na wenyewe. Wanawake waliouza makombe kando ya njia walimfundisha bure, kwa sababu aliuliza sana. Safari nzima ya kurudi aliyapanga mbele ya kioo cha lori na kumsomea Mutua koo zake, moja baada ya nyingine, na Mutua akawa anaitikia "mm" huku akiwaza breki.

Kisha siku moja, kwenye korongo kusini mwa Lodwar, gurudumu la nyuma lilitoboka. Ebenyo alishuka na jiwe la kuzuia. Risasi zikalia kutoka mlimani. Mutua aliondoa lori likiwa na gurudumu bovu, akaenda nalo kilomita nne nzima bila kusimama. Polisi walimkuta Ebenyo hai. Vipande vya mwamba uliopigwa na risasi vilikuwa vimemwingia machoni, na macho hayakurudi. Gunia la makombe lilibaki ndani ya lori.

Kakuma, Mutua alishuka akageuka huku na huku. Soko lilikuwa limenenepa tangu alipoliona mara ya mwisho. Alimwuliza mtu mrefu aliyekuwa akichaji simu za watu kwenye kibanda cha sola. Jina lake, alisema, ni Nhial.

"Ebenyo ya viti? Twende mzee, mi nakupeleka. Ni jirani yangu."

Walimkuta chini ya kivuli cha mabati, amekumbatia fremu ya kiti kati ya mapaja, akiisuka kwa nyuzi za plastiki, bluu na nyeupe. Vidole vyake vilikwenda mbio na kichwa kilikuwa kimetulia kabisa. Nywele zilikuwa zimeota mvi. Mutua alifungua mdomo, akakohoa.

Vidole vikasimama.

"Dereva," Ebenyo alisema.

"Ejok, Ebenyo," Mutua akamsalimia kwa Kiturukana.

"Ejok." Akaendelea kusuka. "Nhial, pea yeye kiti. Ile imekwisha."

Nhial alileta kiti, akawatazama wote wawili, akarudi kwenye simu zake. Mutua aliketi, akainuka, akaketi tena. Alikuwa ametayarisha maneno njia nzima. Yote yalikuwa yamemtoroka.

"Nimekuja na makombe," alisema.

Uso wa Ebenyo uligeuka upesi, na kwa muda mfupi ulikuwa uso wa yule kijana wa mbele ya kioo cha lori. "Yote?"

"Yote. Sikutupa hata moja."

"Leta."

Akakisukuma kiti kando, akatandaza gunia tupu la nyuzi, akaingiza mikono. Hakuharakisha. Kila kombe alilizungusha mara moja, kidole gumba kikitafuta kitu, kisha akaliweka mahali pake. Mutua alimweleza habari za Jumamosi na swali la mwalimu. Ebenyo alicheka kidogo, kwa pua.

"Wewe ulipanga kwa rangi."

"Ndiyo."

"Rangi inadanganya, dereva. Jua inakula rangi. Uliza mdomo." Alimtilia kombe kiganjani. "Hii. Huku juu laini kama yai, hakuna ncha. Pindua. Mdomo ni mrefu kama ufa, na meno huku na huku. Huyo ni kauri. Kubwa, ndogo, iko na madoa, haina madoa, ni kauri tu."

"Na hili?"

"Guza. Huku pana, huku nyembamba, kama karatasi ya kufungia njugu. Mdomo umenyooka, hauna meno. Huyo ni koni. Akiwa hai anachoma na sumu, unaweza kufa. Mama wa Mombasa alinipiga mkono, akaniambia usiwahi kuweka hii mfukoni kabla hujajua mwenyewe ameondoka." Akaendelea. Lile refu lililojizungusha hadi ncha kali, yeye aliliita la ukoo wa parafujo. Lile lililokuwa kama kofia ndogo, bila mzunguko wowote, lilikuwa limeishi limebandikwa kwenye mwamba. Yale ya mabamba mawili yalikuwa upande wake kabisa: "Hiyo usiulize mdomo, uliza bawaba. Pale zilikuwa zimeshikana kama mlango. Halafu pitisha kucha mgongoni. Kuna matuta, au ni laini? Hapo unaanza kutenga."

Mutua alijaribu. Alikosea, akasahihishwa, akakosea tena. Mkono wake ulikuwa na haraka. Ulitaka kumaliza kabla ya kujua. Jua lilipokuwa utosini, mafungu sita yalikuwa yamesimama kwenye gunia, na hakuna fungu lililokuwa na rangi moja.

"Hao walimu," Ebenyo alisema, "utawaambia nani aliokota?"

Mutua aliinuka. Miguu yenyewe ilimchukua hadi ukingo wa kivuli.

"Unaenda tena?"

Alisimama hapo, nusu ya mwili juani. Kisha akarudi, akaketi.

"Nilikuona kwenye kioo cha pembeni," alisema. "Nikaona umeanguka. Nikakanyaga mafuta."

"Ulifikiri nimekufa."

Ulikuwa mlango, na Ebenyo ndiye aliyemfungulia. Mutua angeweza kupita. Nekesa, na polisi, na tajiri wa lori, wote walikuwa wameambiwa hivyo.

"Hapana," alisema. "Niliona mkono wako ukisogea."

Ebenyo aliinamisha kichwa polepole kukubali, kama mtu anayesikia hesabu aliyokwisha kuifanya mwenyewe.

"Na hospitali?"

"Hospitali gani?"

"Dereva." Sauti haikupanda. "Siku ya tatu. Mimi nimefungwa macho na bendeji. Mtu akakuja mlangoni, akakohoa kama vile ulikohoa leo. Nikanyamaza. Nikasema wacha nione kama ataingia. Halafu viatu ikaenda."

Mutua aliweka mikono usoni. Kutoka kibandani kwa Nhial redio ilikuwa ikiongea Kiarabu cha Juba, mtu akicheka ndani yake.

"Nisamehe," alisema kati ya vidole.

Ebenyo alikuwa akirudisha makombe guniani, fungu kwa fungu, kila ukoo ndani ya kitambaa chake. Alipofunga mdomo wa gunia hakumpa. Aliliweka nyuma ya mgongo wake.

"Hii itabaki."

"Walimu wanakuja Jumamosi saa nne."

"Nimesikia."

"Utakuja nayo?"

Ebenyo akakivuta kiti kwenye mapaja, akatafuta uzi kwa midomo, akaukaza kwa meno. "Wewe enda ungoje," alisema.

Ijumaa Mutua alitoka kwenda barabarani mara tano. Mara ya tano Nekesa alimfuata, akamkuta amesimama mahali mabasi ya Kakuma hushusha watu, akitazama miguu ya wanaoshuka. Alimweleza mkewe palepale, vumbi likiwapitia: mkono uliosogea, mlango wa hospitali. Nekesa aligeuka, akaanza kutembea. Walirudi nyumbani yeye akiwa mbele, na Mutua hakuthubutu kumfikia.

Jumamosi, darasani, madawati manne yalikuwa yameunganishwa na kufunikwa kitambaa cheupe. Juu yake hakukuwa na kitu. Walimu kumi na wanane walimtazama Mutua, naye alitazama mlango. Saa nne ikapita. Saa nne na nusu. Chepkirui alimkaribia, akanong'ona, "Mzee, makombe yako wapi?"

"Si yangu," Mutua alisema, na kwa kuwa hakunong'ona, wote walisikia. "Yaliokotwa na Ebenyo, utingo wangu. Anayajua yote. Mimi sikujua hata moja, nilikudanganya pale kwangu. Nilimwacha barabarani akiwa hai, akapoteza macho. Makombe anayo yeye. Sijui kama atakuja."

Mwalimu mmoja alifunga daftari lake, akalifungua. Mutua alibaki amesimama mbele yao kwa sababu hakuona pengine pa kwenda, na dakika zikapita, na hakuna aliyeinuka kuondoka.

Kisha pikipiki ikazimwa nje. Nhial aliingia kwanza, ameinama kupita mlangoni, amebeba gunia. Nyuma yake Ebenyo, mkono begani mwa Nhial, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi.

"Ejok," aliwaambia wote. "Basi ilipata pancha."

Aligusa ukingo wa meza, akaufuata hadi katikati, akaomba walimu wote wafumbe macho, hata yule aliyekuwa anacheka. Mutua alijibanza karibu na ukuta, kwenye dawati dogo la watoto, magoti yakimfika kifuani, akafumba yake pia. Alisikia vitambaa vikifunguliwa. Akasikia viti, hatua, sauti ya Ebenyo ikipita mstari kwa mstari ikiuliza mdomo uko upande gani. Halafu hatua zikasimama mbele yake.

Kombe liliwekwa kiganjani mwake, dogo, bado lina joto la gunia.

"Ya nani hii?" Ebenyo aliuliza.

Kidole gumba cha Mutua kilikimbia juu, chini, kikateleza.

"Pole pole, dereva. Anza tena."

Akaanza tena, kutoka nchani.