Rejista ya Watu Wanane

Mkataba wa mwalimu wetu, Pak Sumarwoto, ulikuwa unaisha Ijumaa. Mkaguzi angekuja kutazama somo moja tu: likimpendeza, mwalimu anabaki hapa kwetu Magelang, kisiwani Java, lisipompendeza, anafungasha. Ndiyo maana siku ile ya ukaguzi nilikuwa mkali kama pilipili.

Kompyuta za shule ni mikweche, kwa hiyo tulijenga prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, kwa watu uwanjani. Rejista ni kijichumba cha ndani yake kinachoshika namba moja tu kwa wakati. Yetu ilikuwa wanafunzi wanane mstarini: aliyesimama ni moja, aliyechuchumaa ni sifuri. Mimi, Wening, nilikuwa kitengo cha udhibiti, yaani nilishika filimbi na kufoka.

"Jumlisha!"

Wanafunzi wa kikokotozi, kundi la kujumlisha, wakanong'onezana, rejista ikainuka. Saba juu, Fitri wa mwanzo wa mstari peke yake chini: kwa hesabu ya moja na sifuri, hiyo ni mia moja ishirini na saba. Sahihi! Nilitaka kuruka kwa furaha.

Hapo hapo Bu Retnowati, yaani Mama Retnowati, mkaguzi mwenye mvi, akaingia na kukatiza mbele ya mstari.

Wote saba wakashuka. Mtu mzima akipita mbele yako unajishusha, tumelelewa hivyo.

"Simameni, nyie!" nikafoka.

"Wewe Wening, huna adabu? Mama wa watu anapita!" Galih akaninong'oneza kutoka chini.

Pak Sumarwoto akafunika uso. Nikajua tumekwisha. Tejo naye, ambaye kazi yake ni kuinua leso nyekundu kila rejista ikiwa sifuri, akaiinua, meno yote nje.

"Leso ya nini hiyo?" Bu Retnowati akauliza.

"Ya sifuri, Bu," Tejo akajibu. "Umepita, rejista imefutika."

"Mimi ndiye nimefuta?"

"Ndiyo, Bu. Samahani, Bu."

"Basi irudisheni."

"Hairudi," nikasema. "Rejista haikumbuki kilichofutwa. Mpaka tujumlishe upya."

Akavua viatu, akamwondoa Fitri, akachuchumaa mahali pake vumbini.

"Haya, mwanangu. Jumlisha."

Nikapuliza filimbi hadi masikio yakaziba. Saba wakainuka, mmoja mmoja, kwa aibu na vicheko.

"Mwalimu," akaita kutoka chini, "Ijumaa usifungashe. Sasa nishikeni mkono, magoti yanauma."

"Usiinuke kwanza, Bu!" nikapiga kelele. "Utaharibu hesabu!"

Akacheka mpaka machozi, akabaki chini.