Mbao Mbichi

Kwenye karakana ya samani walimwita Msasa, kwa sababu ya kazi yake ya kulainisha mbao na kwa sababu ya ulimi wake. Ulimi ndio uliomponza. Mteja aliuliza kama kabati lake litadumu, naye akajibu, bosi akiwa pale pale: "Mbao zenyewe bado mbichi. Zitapinda." Mteja akaenda zake.

Bosi angefoka, Msasa angelala usingizi. Badala yake akawa mpole. Akamuuliza hali ya shangazi yake. Akamsogezea meza dirishani penye mwanga. Lakini simu ikilia alitoka kuipokea nje, na siku moja Msasa alimsikia akinong'ona: "Hapana, yeye hajui." Kesho yake akaja mwanamke mgeni, akapitisha kiganja juu ya milango aliyoilainisha Msasa, akaguna, akaondoka bila kuaga.

"Dalili ya mvua ni mawingu," shangazi alimwambia wakila. "Tafuta pa kujibanza mapema."

Msasa hakumwambia kwamba pa kujibanza palikwisha patikana.

Asubuhi alimkuta bosi peke yake, akinoa patasi.

"Mzee, yule mama ndiye atakayechukua nafasi yangu?"

Mkono wa bosi ukasimama. "Nani kakwambia?"

"Hakuna. Nina macho."

"Hata mimi ninayo. Nilikuona barabarani na yule mteja, mnacheka. Nikajua unanihama. Ndiyo, nikatafuta mtu."

Msasa angeweza kukana. "Ameniahidi kazi kwenye karakana ya mdogo wake. Sijamjibu."

Wakatazamana kama majogoo wawili waliochoka kupigana.

"Mbao zilikuwa mbichi, nilijua," bosi alisema mwishowe. "Ila kunivua nguo mbele ya watu, binti yangu!"

"Hapo nilikosea, Mzee. Ningekuvuta pembeni. Kunyamaza, hapana."

"Basi nivute pembeni."

Bosi akampigia yule mwanamke, akamwomba radhi. Msasa naye akampigia mteja, akakataa kazi. Kila mmoja alitega sikio kuhakikisha simu ya mwenzake imeita kweli.

Msasa alibaki. Ila ilipita miezi kabla hajaacha kugeuka kila mgeni alipoingia, na kabla bosi hajaacha kuuliza, kama mzaha, "Unakwenda wapi tena?" kila Msasa alipovua aproni.