Kilo Tatu za Fundi

Sipendi kudanganywa, na sipendi zaidi kudanganywa na mgonjwa niliyemzoea.

Wodini kwetu wagonjwa wa moyo hupimwa uzito kila asubuhi, wakishakojoa na kabla ya chai. Moyo ukishindwa kusukuma damu vizuri, maji hujaa mwilini, na mizani huyagundua mapema. Kilo zikipanda, dawa ya kutoa maji huongezwa. Zikishuka, mtu huanza kuuliza nguo zake ziko wapi.

Mzee wa kitanda cha dirishani alikuwa fundi mizani. Miaka arobaini ametengeneza mizani za maduka, kwa hiyo yetu aliitania kila siku: "Sista, hii kitu yako imechoka kuliko mimi." Baada ya utani lilikuja swali lile lile, ataruhusiwa lini? Mkewe alikuwa amepooza, yuko nyumbani, anaangaliwa na jirani.

"Jirani ana mambo yake, mwanangu. Mke wangu anakula saa jirani akikumbuka."

Jumanne mzee alishuka kilo tatu kwa mkupuo. Wenzake watatu nao wakashuka vivyo hivyo. Nikavimba kichwa. Wiki nzima nilikuwa nagombana na wageni wanaoficha chumvi kwenye mikoba, nikajua sasa wamenisikia. Nilimbonyeza mzee mguuni, kidole kikaacha shimo, dalili ya maji. Nililiona. Nikaandika namba ya mizani. Daktari alisoma karatasi yangu, akawapunguzia dawa wote wanne, akamruhusu mzee aende.

Alhamisi nikapanda mwenyewe ile mizani. Nimepungua! Nilitangaza wodi nzima, hata mfagizi akanipongeza. Mchana nilipita kliniki ya wajawazito, nikapanda yao ili nijisifu na huko pia. Kilo zangu tatu zilikuwa zimerudi zote.

Nilirudi mbio, nikapindua mizani yetu. Skrubu ya chini ya kurekebishia uzito, yenye kutu miaka yote, ilikuwa na mkwaruzo mpya.

Nilimwambia daktari kila kitu, na lile shimo la mguuni pia. Aliwarudishia wale watatu dozi zao. Akaniagizia gari la wagonjwa nikamrudishe mzee. Nikabeba mizani kwapani, kwa hasira, nimsute nayo mwenyewe.

Sikupata nafasi ya kumsuta. Nilimkuta ameketi kwenye kiti kando ya kitanda cha mkewe, bakuli la uji mkononi, anahema kwa mabega. Miguu haikuingia tena kwenye kandambili.

"Halali," mkewe alisema. "Tangu arudi hajalaza mgongo. Eti anapenda kukaa nami."

"Umekuja na mashine yangu," mzee akaniambia. Alitaka kucheka, kikohozi kikamzuia.

"Baba, umewapunja na wenzako. Wamepunguziwa dawa kwa sababu yako."

Aliweka bakuli kando. Nikaona hilo hakuwa amelifikiria.

"Nilimuwaza mke wangu tu," alisema polepole. "Ilete hapa."

Nilimwambia aache, gari liko nje. Hakunisikiliza. Aliichukua magotini, akachukua kisu cha mezani, akaizungusha skrubu kidogo kidogo, akipumzika kila nusu mzunguko. Nilimshikilia bega nikisikia maji yakikoroma kifuani mwake. Nililia, sikujificha.

Kisha akaiweka sakafuni, akanishika mkono, akapanda.

"Soma."

Alitoka kwetu na sitini na sita. Mshale ulisimama kwenye sabini na mbili. Nikatoa kalamu niandike.

"Soma kwa sauti, sista. Na yeye asikie."

"Sabini na mbili."

Mkewe hakuwa amesoma mambo ya hospitali, lakini miezi mingi mumewe alikuwa akimtajia kilo zake kila atokapo hospitali.

"Uliniambia wamekuruhusu kwa sababu umepona," alisema.

Mzee alibaki juu ya mizani, ameinamisha kichwa, na mshale haukushuka.