Ulimi wa Bubu

Shuleni walimwita Bubu, naye akaliacha jina hilo limkae. Hakuna aliyejua siri yake: alikuwa anayakimbia maneno yenye r. Ulimi wake uliigomea herufi hiyo, ukatoa l, kama ndimi za watu wengi wa kule kwao. Basi badala ya kusema rafiki alisema mwenzangu, na darasani jibu likiwa na r alijifanya halijui. Miaka minne! Mtu anachoka.

Sasa alikuwa amesimama ofisini kwa mwalimu mkuu, wiki tatu kabla ya mtihani wa mwisho. Baba yake, fundi cherehani, alikaa pembeni, vipande vya uzi vingali vimenasa kwenye shati. Mezani palikuwa na karatasi ambayo kiranja mkuu alisema ameiokota mlangoni asubuhi. Iliandikwa kwa herufi kubwa ili mwandiko usijulikane:

MWARIMU MKUU, HII NI BARUA YA MWISHO. FUTENI MTIHANI AU MAABARA ITAWAKA MOTO. TUMECHOKA KURARA MACHO.

Mwalimu mkuu alisema hahitaji mpelelezi. Mwarimu, kurara, watu wa kule wanajulikana kwa kuzivuruga herufi hizo mbili, na kidato cha mwisho kina mtu mmoja tu wa kule. Atafukuzwa leo hii, na mtihani atausikia kwa wenzake. Aliyasema hayo mbele ya baba mtu bila kupepesa macho. Baba aliangalia viatu vyake.

Bubu aliisoma karatasi kimoyomoyo, mara mbili, mara tatu. Aliiona njia ya kutokea, akaichukia, maana ilipita katikati ya aibu ileile aliyoikimbia siku zote. Akaomba aisome kwa sauti.

"Mwalimu mkuu, hii ni balua ya mwisho. Futeni mtihani au maabala itawaka moto. Tumechoka kulala macho."

Kiranja mkuu, aliyesimama mlangoni kama shahidi, alibana kicheko. Bubu alitamani ardhi immeze. Lakini mwalimu wa Kiswahili, mama mmoja mkavu aliyekuwa akiandika kumbukumbu za kikao, aliivuta karatasi na kuanza kupigia mistari makosa. Alisema aliyeandika anakosea l. Huyu mtoto anakosea r, l haimshindi hata kidogo. Hata akisomeshwa kurara, kinywani inatoka kulala.

Mwalimu mkuu alijikuna kidevu. "Basi ni mwingine wa kwenu. Mtaje, nikuachie."

Watoto wa kule walikuwa wawili tu waliobaki, kidato cha kwanza, sare zao bado zinawapwaya. Hapo Bubu alipandwa na hasira, na hofu yote ikamtoka.

"Kwetu hakuna anayekosea hivyo," alisema. "Hii balua kaandika mtu anayetuigiza ili watu wacheke."

Mwalimu wa Kiswahili akamgeukia kiranja mkuu. Ijumaa iliyopita, kiranja mkuu alipanda jukwaani akaigiza mtu wa kule aliyepoteza "karamu" yake, na ukumbi mzima ukavunjika mbavu. Mwalimu mkuu alicheka hadi akatoa leso. Na majaribio ya mtihani, kila mtu alijua, yalimwacha kiranja mkiani.

Mwalimu mkuu alimwambia kiranja abaki na Bubu arudi darasani. Baba akasimama, akangoja kidogo, labda kuna neno litafuata. Samahani haina r wala l, lakini ilimshinda mwalimu mkuu.