Chupa ya Mursik Ndani ya Probox

Mjukuu akikwambia kwamba anataka kwenda kukimbiza gari kati ya koni, kitu cha kwanza utauliza ni kama ataumia. Mimi pia niliuliza. Chelagat, ambaye huniita Kogo, yaani nyanya, alicheka, akachukua vikombe vya plastiki na kuvipanga sakafuni jikoni.

"Kogo, tazama. Hii inaitwa autokrosi. Si zile rali za kuruka mito. Ni uwanja mmoja, wazi, na koni zimepangwa. Unaingia peke yako, gari moja tu. Unazunguka hii, unapita katikati ya hizi, unasimama hapa. Wanahesabu sekunde. Ukigonga koni wanakuongezea sekunde mbili."

"Na ukigonga mtu?"

"Watu wako mbali, nyuma ya kamba."

"Na ukishinda?"

"Sishindi, Kogo. Mara ya kwanza mtu anatafuta kumaliza tu."

Neno hilo lilinikaa: kumaliza. Kwetu Endebess mtu akimaliza mbio zake, mama yake au nyanya yake humpa mursik, yale maziwa yetu yaliyolala kwenye kibuyu mpaka yakawa na rangi ya majivu. Siku hiyo hiyo nilikamua ng'ombe wangu mwekundu, nikasugua kibuyu kwa kaa la mti, nikayafungia humo. Sikumwambia mtu.

Chelagat ni binti wa mwanangu Bethwel. Ana miaka ishirini na tatu na anafanya kazi gereji huko Kitale, ambako wanaume wanampa vyuma vya kuosha huku wao wakifungua injini. Gari tulilonalo nyumbani ni Probox moja ya kubeba maziwa. Kumwomba Bethwel gari hilo kwa siku moja kulichukua wiki tatu.

"Acha aende mara moja," Bethwel aliniambia mwishowe. "Aone si yake, akili irudi."

Chelagat alikuwa mlangoni, akasikia. Jioni hiyo, tukichambua mboga, akaniambia, "Kogo, nikienda nikaona siwezi, nitaamini baba. Nitaacha kabisa. Sitasumbua mtu tena."

Hapo ndipo niliogopa. Huyu mtoto akisema ataacha, anaacha. Alipokuwa darasa la sita alipotewa na sauti akiimba kanisani siku ya Krismasi, na tangu hiyo siku hajafungua mdomo kwa wimbo, hata kwa harusi.

Tuliondoka saa kumi na moja asubuhi, kwa sababu waandalizi wa mashindano huko Bungoma walimwandikia kwamba mgeni afike mapema. Mursik niliyamimina kwenye chupa ya soda ya nusu lita, nikaitia mkobani chini ya mayai ya kuchemsha. Tulipofika upande wa Kibabii, kwenye shamba kubwa lililokwisha kuvunwa mahindi na kusawazishwa katikati, jua lilikuwa limeshapanda. Subaru zilikuwa zimejipanga zikinguruma. Probox yetu ilisimama mwisho wa mstari, bado inanuka maziwa.

Mzee wa usalama alikuwa mtu mmoja anayeitwa Kiragu, koti la rangi ya chungwa, kalamu sikioni. Aliita madereva wote akasema nao, nami nikasikiliza kwa sababu masikio hayana kamba.

"Toa kila kitu ndani ya gari. Jeki, spana, mkeka, hata peremende. Kitu ikiwa huru ndani ya gari, ukikata kona inapata akili yake yenyewe. Na nikishakagua, nikipata kitu tena humo, unaenda nyumbani. Sitaki kuombwa."

Tulitoa. Gurudumu la akiba, mikebe miwili ya maziwa na mifuniko yake, kamba ya ng'ombe, kitabu cha nyimbo, gambuti moja ya Bethwel ambayo mwenzake tuliitafuta mwaka mzima. Niliketi juu ya turubai nikilinda lile rundo kama mama wa sokoni.

Kiragu akagusa magurudumu, akafungua boneti, akatikisa betri. Kisha akagonga kofia ya Chelagat kwa kidole, jinsi mtu anavyogonga boga kusikia kama limeiva. Chelagat alikuwa ameiazima kwa mtu wa bodaboda wa Kipsongo.

"Hii ni ya kuzuia mvua," Kiragu akasema. "Tafuta ya kweli."

Uso wa mtoto ulianguka. Lakini mwanamke aliyekuwa kwenye Subaru ya bluu kando yetu akaita, "Wee msichana wa Kitale, kuja! Niko na mbili."

Huyo ndiye Phelista. Ana duka la vipuri Bungoma mjini, mtu wa miaka arobaini hivi, sauti kubwa, kicheko kikubwa zaidi. Alimvalisha Chelagat kofia, akamkazia ukanda wa kidevu, akaongeza upepo kwa magurudumu ya Probox bila kuombwa. Kisha akasema, "Sasa tunatembea."

"Kutembea wapi?" Chelagat akauliza.

"Njia yote, kwa miguu. Mara tatu. Ukiwa ndani ya gari koni zote zinafanana, bana. Unapotea kama kuku ndani ya mahindi. Kukhu, wewe pia kuja, usikae peke yako."

Kukhu ni nyanya kwa Kibukusu. Nilikunja leso nikaenda nao. Phelista alitembea akiongea. Breki unakanyaga kabla ya kona, gari likiwa bado limenyooka. Ukifika kwa koni, macho yawe yashaenda kwa ile inayofuata, kwa sababu gari linaenda unakotazama. Raundi ya kwanza usitafute sifa, tafuta njia.

"Na ukipotea njia?" nikauliza mimi.

"Unacheka, unarudi. Hakuna mtu alizaliwa akijua, Kukhu. Mimi mara ya kwanza niliendesha mpaka kwa choo."

Mara ya tatu Chelagat alikuwa akitembea mbele yetu peke yake, mikono hewani ikishika usukani ambao haupo. Nilimwona akitabasamu. Ningetoa ng'ombe kumwona hivyo kila siku.

Sasa nifike mahali pangu.

Saa nne jua lilikuwa kali, na shamba lile halina kivuli hata cha kuku. Chupa ndani ya mkoba ilianza kuvimba. Mursik yana nguvu, yakipata joto yanaweza kupasua chupa. Nililegeza kifuniko kidogo yapumue, nikatazama huku na huku. Kivuli kilikuwa kimoja tu, ndani ya gari. Probox ilikuwa imeshakaguliwa, ina karatasi ya kijani kwenye kioo. Chelagat alikuwa kwa Phelista akifungwa tena kofia. Nikafungua mlango, nikasukuma chupa chini ya kiti cha dereva, mbali kabisa ndani, nikafunga. Niliwaza, hiki si kitu cha gari, hiki ni chakula. Na niliwaza vile atakavyofika mwisho, akatoka, nami nikainama tu na kumpa.

Wakamwita. Akaingia, akanipungia mkono, bendera ikashuka.

Koni ya kwanza alizunguka vizuri. Ya pili, ya tatu, vizuri. Phelista akapiga makofi, "Si mnaona! Si mnaona huyo!" Kisha ikaja kona kubwa, ile ya kurudi. Gari lilitakiwa kupunguza mwendo. Halikupunguza. Nililiona likienda moja kwa moja, likalaza koni nne, likageuka ghafla upande wa mabua, vumbi likapanda. Bendera nyekundu. Nilikimbia, mimi na magoti yangu haya.

Lilikuwa limesimama katikati ya mabua, zima. Chelagat alitoka.

"Nilikanyaga ikakataa," alisema. "Sijui nilikanyaga nini. Mguu wangu haukupata breki."

Kiragu aliingia, akakanyaga mara tatu, akaendesha mbele na nyuma. "Breki iko sawa kabisa. Ni wasiwasi, msichana. Wageni wengi wanapata. Pumzika, bado una raundi mbili."

Kijana mmoja nyuma ya kamba akapaza sauti, "Ati Probox imeenda kutafuta ng'ombe!" Watu wakacheka, na si kwa ubaya. Lakini Chelagat hakucheka. Alirudisha gari mahali pake polepole, akavua kofia, akaniwekea funguo mkononi.

"Twende nyumbani, Kogo. Baba alisema ukweli. Mguu wangu ni mjinga."

"Una raundi mbili."

"Sitaki. Nimeacha."

Alikwenda kuketi kwenye turubai karibu na ile gambuti, uso kwa magoti. Mimi nikaenda kwenye gari kuchukua chupa. Nilipofungua mlango nikaona. Juu ya kikanyagio cha breki kulikuwa na matone ya kijivu. Chupa haikuwa nilipoiweka. Ilikuwa imebingirika hadi chini ya kiti kile kingine, imebonyea katikati, nusu imemwagika.

Nilishika ncha ya leso nikafuta kikanyagio. Sitaficha hilo. Nilifuta kwanza, kisha ndipo nikawaza.

Hakuna aliyejua. Kiragu alikuwa ameshasema ni wasiwasi. Nikinyamaza, tunaenda nyumbani na hakuna mtu atanitazama vibaya. Nikisema, tunafukuzwa, na mbele ya watu wote hawa mimi ndiye nyanya aliyetaka kumuua mjukuu wake kwa maziwa. Lakini nilitazama ule mgongo kwenye turubai. Nikakumbuka wimbo ule wa Krismasi. Siku ile kiongozi wa kwaya alianza juu sana, kila mtu alisikia, na hakuna aliyemwambia mtoto kwamba kosa halikuwa lake. Hata mimi sikumwambia.

Nilibeba chupa nikaketi kando yake.

"Chelagat. Mguu wako ulikuwa sawa. Kitu kilichokuwa chini ya breki ni hiki."

Aliinua uso. Alitazama chupa, kisha leso yangu yenye kijivu.

"Iliingiaje?"

"Niliiweka mimi. Baada ya kukaguliwa. Jua lilikuwa linaiharibu. Nilitaka kukupa ukimaliza."

"Kogo!" Aliruka akasimama. "Ungeniua! Unajua ungeniua?"

"Najua."

"Si Kiragu alisema? Si ulikuwa hapo?"

"Nilikuwa hapo."

Akaondoka hatua kama kumi, mikono kichwani, akanipa mgongo. Niliketi. Sikumfuata, sikulia, kwa sababu kilio changu kingemlazimisha anisamehe haraka, na hasira ile ilikuwa haki yake. Baadaye akarudi.

"Umemwambia Kiragu?"

"Bado."

"Tutamwambia. Simama."

Kiragu aliposikia alikunja uso mpaka kalamu ikaanguka. "Mama, chupa hii ni ndogo hivi, lakini kule mwisho wa kona kuna watoto wamesimama kwa kamba. Sheria ni moja. Mnaenda nyumbani."

"Ni haki," nikasema.

"Ngoja kwanza," Phelista akaingilia. "Muulize alisimamishaje."

Kiragu akamtazama Chelagat. "Ehe, ulisimamishaje? Kama breki ilikataa?"

Chelagat alifikiri, kama mtu anayekumbuka ndoto. "Nilikanyaga mara ya pili, ikakataa. Nikashusha gia. Kwa kamba kulikuwa na watu, nikageuza kwa mabua. Kisha nikavuta hendibreki pole pole, gari lisizunguke."

"Ulifikiria hayo yote?"

"Sikufikiria. Mikono ilifanya."

Kiragu aliokota kalamu yake, akaipangusa kwa koti, akairudisha sikioni bila haraka.

"Raundi ya pili umepoteza," alisema. "Ya tatu nitakagua gari upya mimi mwenyewe. Na huyu mama akae nyuma ya kamba, yeye na mkoba wake, na mtu wa kumchunga."

"Nitamchunga mimi," Phelista akasema, akanishika mkono kama mfungwa.

Nilimtazama Chelagat. Alikuwa anatazama mikono yake mwenyewe, anaigeuza, kama mtu aliyeletewa kitu kipya kutoka dukani. Kisha akanyoosha mmoja kwangu.

"Funguo, Kogo."

Raundi ya tatu aliendesha polepole kuliko wote. Ile kona kubwa niliifumbia macho, na Phelista akanifinya, "Fungua, Kukhu, fungua, anapita!" Nilifungua nikaona taa nyekundu za breki zikiwaka kabla ya kona, gari likiwa limenyooka, kama alivyofundishwa. Hakugusa koni hata moja. Alikuwa wa tisa kati ya magari kumi na moja, na alitoka humo akipiga kelele utafikiri ameletewa mahari ya ng'ombe mia.

Yale mursik yaliyobaki yalikuwa kikombe kimoja tu. Alikunywa akiwa amesimama, akabaki na masharubu ya kijivu, akampa Kiragu aonje.

"Hii ina moshi!" Kiragu akasema akikohoa.

"Hiyo ndiyo ilizuia breki," Phelista akamwambia. "Iheshimu."

Jioni tulirudisha vitu vyote garini na kuvifunga kwa ile kamba ya ng'ombe. Nilipotaka kuingia, Chelagat alisimama mlangoni, akanyoosha mkono akiigiza sauti ya Kiragu.

"Mama, mkoba."

Nikampa. Akatoa mayai mawili, miwani, Biblia ndogo, vitunguu vitatu alivyonipa Phelista.

"Mifuko ya sweta?"

Peremende nne.

"Mwezi ujao ni huku huku tena," alisema, akivifungia vyote kwenye mkebe mtupu wa maziwa na kubana mfuniko. "Wewe nitakukagua tukiwa bado nyumbani. Umemaliza?"

Nikafungua fundo la leso, nikamkabidhi yai la mwisho.