Kamba Nyekundu

Injini ilikohoa, ikazimika. Mshipi wa kuvulia ulikuwa umenyonywa chini ya pikipiki ya maji na kujisokota kwenye mapanga yanayosukuma maji, na mawimbi yakaanza kuwasukuma kuelekea miambani.

"Nilikwambia uvute mshipi kwanza ndipo uwashe," fundi alimwambia mdogo wa mumewe. "Sikio la kufa kweli halisikii dawa!"

"Shemeji, yaliyopita si ndwele. Shuka basi, ukate!"

Fundi alikwisha kuchomoa kisu. "Nipe kamba ya injini."

Ile kamba nyekundu, iliyochomekwa kando ya kitufe cha kuwashia, ndiyo roho ya chombo. Ikichomolewa, injini haiwaki hata uipigie magoti. Shemeji aliifunika kwa kiganja. "Huniamini? Miamba ile pale!"

"Kukuamini nakuamini. Nipe kamba."

Shemeji akaichomoa kwa hasira, akamtupia. Fundi akaibana kwa meno, akajitosa, akapenyeza mkono mpaka kwapani ndani ya tundu la kunyonyea maji. Akakata. Akavuta. Ulibaki mzunguko mmoja tu wa mshipi wimbi kubwa lilipowainua, na mwamba ukaonekana karibu kama ukuta wa jirani.

Tik.

Fundi aliusikia mlio huo juu ya kichwa chake. Tik, tik. Kisha kimya.

Alimaliza kukata, akatoa mkono, akaitema kamba kiganjani. Shemeji alikuwa bado amekandamiza kidole gumba kwenye kitufe cha kuwashia.

"Nilidhani umeshatoa mkono," alisema.

Fundi alipanda, akajifunga kamba kwenye mkono uleule.

"Sogea nyuma."